Vikombe Vinane vya Chumvi

Ile karatasi iliyokuwa ukutani juu ya tanki la mikunga, msimtafute mwizi. Niliibandua mimi, siku ile mliponiaga kwa soda na keki, wakati nyote mlikuwa mkibishana nani ashike kisu. Ilikuwa na maandishi makubwa, "Kipimo cha Mzee Kamau", na chini yake ule utaratibu wa vikombe vinane vya chumvi. Mliniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi ili wanaokuja nyuma wapate la kujifunza. Nimekubali, lakini nawaonya mapema kwamba kile kipimo si changu. Namna kilivyonifikia naona haya kuisema hata kwa mke wangu, ambaye miaka thelathini na zaidi amenivumilia mimi na harufu ya samaki kwenye shati.

Nitaanza mwanzo, maana mzee akianza katikati watu husema ni uzee.

Nilifika kwenye duka letu la samaki wa kufuga nikitafuta kazi ya kubeba vioo. Wakati huo duka lilikuwa kwenye kichochoro cha River Road, kati ya mchapishaji wa kadi za harusi na muuza misumari, na lilikuwa la Bwana Twaha, mtu wa pwani, mwembamba, kofia nyeupe kila siku, asiyejua kupandisha sauti. Mimi nimezaliwa Dagoretti, nyumba ya kanisa na ng'ombe wawili. Samaki niliyemjua ni wa kukaanga, na hata huyo nilimtilia shaka.

Siku ya kwanza Bwana Twaha alinipa mpira mrefu, akaniambia nitoe maji kwenye tanki la futi nne. Mnajua inavyofanyika: unanyonya upande mmoja mpaka maji yaanze kushuka, kisha unatoa mdomo upesi. Mimi sikutoa upesi. Nilimeza funda zima la maji ya samaki, nikakohoa mpaka muuza misumari akaja kuchungulia.

Bwana Twaha hakucheka. Aliniuliza, "Umeonja nini?"

"Maji machafu, Bwana."

"Machafu vipi? Chungu? Matope? Chuma? Chumvi?"

Nikasema machafu tu. Akanirudisha kwenye mpira. Jioni ya siku ile nilikuwa nimeonja matanki yote kumi na moja, na tumbo langu lilikuwa na maoni yake. Alinifundisha kwamba ulimi ni mita isiyoishiwa betri. Nyinyi mna vile vijiti vya kupimia na ile mashine ndogo ya namba, na sina ugomvi navyo. Lakini mjue kwamba kwa miaka mingi tulitumia ncha ya ulimi, kisha tukatema. Nilifika mahali nikaweza kuonja maji nikiwa nimefumba macho nikasema haya yametoka tanki gani. Niliringia ulimi huu. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Vifaa vingine vilikuwa wembe wa kukwangua ukijani kwenye kioo, gazeti la kukaushia, na ndoo mbili, moja imepakwa rangi nyekundu kuonyesha haijawahi kukutana na sabuni. Maji ya kanjo, yaani ya bomba la jiji, tuliyaacha yalale kwenye pipa ili ile dawa ya bomba iishe, ndipo tuyatumie. Na kulikuwa na daftari. Kila mteja aliyetuita nyumbani alikuwa na daftari lake la kurasa thelathini na mbili, limening'inia kwa uzi kando ya tanki. Fundi akija anaandika siku, alichofanya, na hali ya samaki. Sheria ilikuwa moja: daftari huandikwa na fundi peke yake. Watoto wa mteja hawachori humo, mteja mwenyewe haandiki humo. Bwana Twaha alisema daftari lenye miandiko miwili halina mwenyewe.

Mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, walianza kuja wakati nimeshakuwa fundi wa kutumwa majumbani. Walifika kwa masanduku kutoka ng'ambo, kila mmoja kwenye mfuko wake wa plastiki, wamejikunja, madoa ya manjano, mdomo wazi muda wote. Wateja wa Kilimani na Lavington walimpenda mkunga kwa sababu wageni wao walimwogopa. Kwenye sanduku ilikuwa imeandikwa kwamba ni samaki wa maji matamu, yaani maji yasiyo na chumvi, kama ya bomba.

Sasa sikilizeni. Sisi dukani tuliwaweka kwenye tanki la nyuma, na tanki lile Bwana Twaha alilitia chumvi kwa mkono wake. Nilipomuuliza alisema ni dawa ya uchovu wa safari. Nikamuuliza mteja naye atie? Akarekebisha kofia.

"Mteja akiuliza, sema maji matamu. Sanduku limesema hivyo, na sisi si wajuaji kuliko sanduku."

Ukweli ni kwamba nani angenunua samaki wa kutengenezewa bahari sebuleni? Mkunga wa maji ya bomba alinunulika. Kwetu alikula vizuri, akafika kwa mteja, akala wiki mbili tatu, kisha akagoma. Alijificha kwenye kipande cha bomba alichowekewa ndani ya tanki akakonda, na baada ya miezi michache mteja alipiga simu. Ndipo fundi Kamau alipofika na majibu yake. Umemlisha sana. Umemweka karibu na dirisha. Kuna mtu ameosha kioo kwa sabuni. Niliwazika wengi hivyo, na kila mara mteja ndiye aliyeniomba msamaha. Wakili mmoja pale mjini aliniomba msamaha mara mbili, akanunua wa tatu.

Je, nilijua? Nimejiuliza sana tangu nistaafu. Nadhani nilijua kwa namna mtu anavyojua kwamba paa lake linavuja lakini mvua haijanyesha.

Mtaa wa Jamhuri kulikuwa na mteja wangu, Mama Njeri. Alikuwa amestaafu ukarani, mjane, watoto wako ng'ambo. Wao ndio waliomnunulia tanki na mkunga ili nyumba isiwe kimya sana. Nilikuwa naenda kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mara ya tatu alinipokea akiwa na wasiwasi.

"Kamau, hii kitu haikuli. Inaniangalia tu. Ama nimeikosea?"

Nikamwambia apunguze chakula. Samaki hali, mimi nasema apunguze chakula. Naandika haya nikijiona uso unawaka.

Mfanyakazi wa nyumba aliitwa Habiba. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtaratibu, kwao ni Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Siku ile alisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo, akaniambia, "Fundi, huyu mkunga twamjua sisi. Akaa pale mto wachanganyika na bahari. Maji haya yamchosha."

Nilimjibu kwa tabasamu la mtu aliyeitwa fundi kwa muda mrefu. "Dada, huyu si wa kwenu. Huyu amekuja na ndege."

Mama Njeri alicheka. Habiba akarudi jikoni.

Mwezi uliofuata nilibisha mlango, na Habiba ndiye aliyefungua, uso unang'aa. "Fundi, njoo uone. Yuala!" Yaani mkunga anakula. Mkunga kweli alikuwa nje ya bomba, amenona shingoni, anafuata kidole changu kwenye kioo. Kabla sijasema kitu, Mama Njeri aliita kutoka chumbani kwamba maziwa ya chai yamekwisha. Habiba alijitanda leso yake akatoka kwenda dukani, akaniambia akipita, "Nimekuandikia kwa daftari."

Nilifungua daftari. Baada ya mwandiko wangu wa mwezi uliopita kulikuwa na ukurasa mzima wa penseli, herufi kubwa zilizonyooka, za mtu aliyeacha shule mapema lakini hakuacha kuandika.

"Jumatatu. Chumvi ya mawe kikombe 1. Bado hali chakula."

"Alhamisi. Kikombe 1. Hali."

Na hivyo hivyo, Jumatatu na Alhamisi, wiki nne. Wiki ya pili ametoka kwenye bomba. Wiki ya tatu amekula dagaa mmoja. Wiki ya nne amekula watatu. Vikombe vinane jumla. Na chini kabisa: "Fundi anakuja Jumamosi. Nitamwuliza kama niko sawa."

Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kuna mwandiko wa pili kwenye daftari langu. Hasira ikanipanda, hasira ndogo ya kijinga, ya mtu aliyekuta mwingine amekalia kiti chake. Niliuchana ule ukurasa kando ya uzi, nikaukunja, nikautia mfuko wa shati. Kisha nikachovya kidole kwenye maji nikaonja.

Ilinichukua muda wa kufumba na kufumbua. Yale maji yalikuwa tanki letu la nyuma pale River Road. Ladha ile ile. Ulimi wangu, ambao niliuringia mbele ya kila mtu, uliniambia ukweli wote kwa mara moja: kwa nini wetu wanakula, kwa nini wa wateja wanakufa, na nani ndani ya nyumba ile alikuwa fundi.

Nilitema kwenye kitambaa cha mfukoni. Mama Njeri alikuwa ameshatoka chumbani, akaniona.

"Kuna nini kwa maji?"

"Kuna chumvi, Mama."

"Chumvi? Si ulisema maji ya kawaida tu, bila kitu?"

Hapo ndipo njia zilipogawanyika, na nilikuwa mtu mzima mwenye macho mawili. Ningesema: Mama, nilikosea, chumvi ndiyo imemponya. Ningekuwa nimekiri kwake, naye angemwambia rafiki yake wa kanisa aliyezika mkunga mwaka uliopita, na huyo angemwambia wakili.

Nikasema, "Ndiyo. Bila kitu. Chumvi inaua."

"Lakini si anakula?"

"Anakula kwa kuchanganyikiwa," nikasema. Uongo ukishaanza huwa haukosi maneno.

Habiba aliingia na maziwa. Mama Njeri alimuuliza, naye akajibu bila kuficha kwamba ndiyo, ametia chumvi, kidogo kidogo, na ameandika kila siku. "Imo kwa daftari, mama. Tazama."

Mama Njeri alichukua daftari akalifungua. Aliona mwandiko wangu, kisha kurasa tupu. Akageuza tena, pole pole, kama anayetaka kweli kuuona. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na ule ukurasa umelala juu ya moyo wangu.

"Hakuna kitu hapa, Habiba."

Habiba alinitazama. Sijui kama aliona ukingo wa karatasi mfukoni au aliona uso wangu tu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, onja tena."

"Nimeshaonja."

"Onja tena, kisha useme."

Sikuonja. Badala yake nilifanya mzaha, na mzaha huo ndio uliomaliza mambo. Nilisema, "Mama, watu wa pwani na chumvi, wewe hujui wanafanyia nini? Usishangae ukikuta na ndimu chini ya kitanda."

Nilidhani nitachekesha. Mama Njeri hakucheka. Alikuwa mama wa maombi, na nilimwona akirudi nyuma kidogo, akamtazama Habiba kama mtu mgeni aliyeingia bila hodi. Habiba alikuwa amekaa nyumba ile miaka mitano. Alikuwa anajua dawa za presha za mama yule kwa rangi na kwa saa. Aliondoka alasiri ile ile na begi moja, bila barua ya kumsifu, na neno uchawi likamtangulia mtaani.

Mimi nilibaki nikabadilisha maji yote. Nilimwaga vikombe vyake vinane bustanini, nikajaza maji matamu, nikaandika kwenye daftari: "Chumvi ilitiwa na mfanyakazi. Maji yote yamebadilishwa. Samaki salama." Siku ya tisa Mama Njeri alipiga simu kwamba mkunga amekufa. "Huyo mwanamke alimwua," alisema. Nikasema pole.

Ile karatasi ya Habiba sikuitupa. Ningependa kusema ni dhamiri iliyonizuia, lakini hapana, nilikuwa na kazi nayo. Wakili alipomnunua mkunga wake wa nne, nilimwekea chumvi ya mawe, Jumatatu na Alhamisi, kikombe kimoja kimoja, nikimwambia ni utafiti wangu. Mkunga yule aliishi miaka mingi kuliko sofa za ofisi. Jina likaenea. Wateja walinitafuta kutoka Karen mpaka Westlands, na hata Bwana Twaha, kabla hajarudi kwao, alinishika bega akasema ulimi wangu umekuwa mkubwa kuliko wake. Nyinyi mlipokuja mlikuta Kamau wa mikunga, mkaandika karatasi mkabandika.

Bado kuna baya zaidi. Miaka minne iliyopita, hoteli ndogo ilifunguliwa mtaa wa pili kutoka dukani, na mpishi alikuwa Habiba. Nilimwona kupitia dirishani akipindua mahamri. Tangu siku hiyo, mliponiona nazunguka njia ndefu kwenda stendi nikisema natafuta mazoezi, nilikuwa nakwepa dirisha lile. Mzee wa umri wangu, aliyekula chumvi nyingi kama wasemavyo, anajificha nyuma ya mikokoteni.

Wiki ya kwanza ya kustaafu sikulala vizuri. Ya pili nilikwenda Jamhuri. Mama Njeri sasa anatembea kwa mkongojo. Tanki limegeuzwa kuwa kabati la vikombe, lakini daftari lilikuwa bado kwenye droo, maana yule ni karani na karani hatupi kitu. Niliitoa karatasi nikaiweka kando ya mahali ilipochanwa, meno yakaingiana. Nilimweleza yote, mpaka mzaha.

Alilifunga daftari. Kisha akasema, "Kamau, mimi nimemtaja huyo mama kwa ushuhuda kanisani. Mara ngapi sijui. Nimeambia watu Mungu aliniokoa na yeye." Alianza kulia, na sikuwa na haki ya kumwambia nyamaza. Nilipoinuka aliniambia, "Usirudi hapa kabla hujaenda kwake. Na umwambie naja mwenyewe, hata kama ni kwa kubebwa."

Nilikwenda asubuhi iliyofuata, saa nne, wakati wateja wa chai wamepungua. Habiba alinitambua nikiwa bado mlangoni. Aliendelea kukanda unga. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanipotea, nikamwekea tu karatasi mezani.

Alijifuta unga mikononi, akaivuta karibu na dirisha. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, Jumatatu, Alhamisi, mpaka chini. Kidole kikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa niliuliza," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Na jibu?"

Nilisema alikuwa sawa. Nilisema mimi ndimi niliyeichana, na kwamba nilijua siku ile ile, kwa ulimi wangu. Nilisema kipimo chake kimenilisha miaka yote hii na kwamba naona aibu. Alisikiliza akiitazama karatasi, si mimi.

"Liandike," akasema.

Nikatoa kalamu, nikaandika chini ya penseli yake: "Ulikuwa sawa." Nikatia sahihi. Aliikunja akaitia ndani ya leso yake. Nilimpa na ujumbe wa Mama Njeri, akatikisa kichwa, sikujua kama ni ndiyo au ni kusikia tu.

"Na yeye mkunga?" akauliza.

Kumbe hakuwahi kuambiwa. Nikamwambia alikufa, siku ya tisa.

Aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi.

"Asubuhi ya Jumamosi ile, kabla hujaja," akasema, "alikula mkononi mwangu. Dagaa mzima, taratibu, hakuniuma. Hilo sikuliandika. Nilikuwa nangoja nikuonyeshe."

Kisha akarudi kwenye karai, nami nikatoka.

Jumatatu mtakuta karatasi mpya ukutani. Vikombe ni vilevile vinane, siku ni zilezile, na juu kuna jina la Habiba wa Kipini. Nimeongeza mstari mmoja chini kabisa ambao hauna kipimo chochote, na nawaomba msiufute. Unasema: "Amekula mkononi."